Mchoro wa Nyaya Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, Kidoti akishaosha vyombo na kufagia, humfuata mama yake kwenye meza ya kazi iliyo karibu na dirisha. Mama ni fundi wa redio na spika. Kidoti ni mshika tochi, mpanga skrubu na, kwa maneno ya mama, "msemaji mkuu wa karakana."

Jumamosi hiyo mezani palikuwa na gitaa la mwalimu wa muziki. Kinasa sauti chake, ukanda mwembamba unaokaa chini ya nyuzi, kilikuwa kimekufa, na mama alikuwa amenunua kipya. Saa nane mchana darasa la Kidoti lingeimba mbele ya wazazi, likiongozwa na gitaa hilo.

"Mwanangu, kabla hujazitoa nyaya za zamani, chora kila moja inapoingia kwenye kikuza sauti, hiki kidogo cha betri kilicho ndani ya gitaa," mama alisema. "Zote zimepauka. Ukishazitoa, hutazijua tena."

"Sawa, mama."

Mama akatoka kuanua nguo. Nyaya mbili tu, za nini kuchora? Kidoti akashika chuma cha kulehemu alivyofundishwa, akayeyusha risasi iliyozishikilia, nyaya zikachomoka.

"Umechora?" mama aliuliza kutoka uani.

"Ndiyo!" Kidoti akajibu, kisha akachora harakaharaka, kwa kubahatisha.

Mama aliufuata mchoro ule. Akalehemu kinasa sauti kipya, waya mweupe huku, mweusi kule. Alipochomeka spika, ikanguruma.

"Haya, hili gitaa au trekta?" Mama alicheka, lakini kicheko hakikudumu. "Yule muuzaji ameniuzia kibovu. Leo atanitambua! Nipe viatu vyangu."

Kidoti alimfikiria muuzaji yule mpole akigombezwa mbele ya wateja wake. Viatu alivileta, mama akaanza kuvivaa.

"Mama, usiende. Hana kosa. Ule mchoro nimeubuni. Nilizitoa nyaya kabla ya kuchora."

Mama akavua kiatu alichokwisha kuvaa.

"Lete mita ya kupimia umeme," akasema.

Akagusisha ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri, na nyingine kwenye kikuza sauti, sehemu moja, kisha ya pili. Kwenye ya pili, mita ikalia pii!

"Hapa ndipo pa waya mweusi. Tumezigeuza."

Kidoti akazilehemu upya mwenyewe, mama akimshikia tochi. Nyuzi zilipoguswa, sauti ikatoka safi, bila hata mkwaruzo. Mama akapiga mbili tatu, akatabasamu.

"Umenikasirikia, mama?"

"Kidogo. Inapungua." Akamvuta karibu. "Kukosea si dhambi, mwanangu. Ungeniambia 'sijui', ningepima dakika moja, yakaisha. Lakini uliponipa jibu la uongo niliacha kutafuta kosa, nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Umesema kweli kabla sijamkosea mtu, na hilo limenifurahisha kuliko gitaa. Sasa nenda ukavae sare, wenzako wasikungoje."