Walimwita Baba, Hawakumwita Mjomba

Lazalo na mkewe Felesiya walikuwa wakulima wa viazi huko Dedza. Asubuhi walikwenda shambani. Jioni walikula nsima, ugali wa huko, na maharagwe, wakazungumza habari za watoto. Limbikani alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya misheni, akilala bwenini. Mdogo wake, Alefa, alikuwa bado shule ya msingi.

Lazalo alihamia kijijini kwa mkewe alipooa, kama wanaume wengine wa huko. Watoto walikuwa wa ukoo wa mama. Mtoto akikosea, aliyemkalisha chini ni mjomba wake, Sitivele. Lazalo alilima, alilipa ada, na mambo mengine aliyanyamazia, kwa kuwa mkwe hana sauti katika ukoo wa mkewe.

Jumapili moja Limbikani hakuonekana kwenye misa. Alikuwa ametoroka shule kwenda kutazama mpira katika kibanda cha video. Mwalimu wa nidhamu, Bwana Kamtukule, alimkamata akirudi. Shule ikamwita baba.

"Twende na Sitivele?" Lazalo alimwuliza mkewe.

"Wamesema baba," Felesiya alijibu. "Ukienda na mjomba, padre mkuu wa shule ataona nyumba hii haina mwanamume."

Lazalo akaenda peke yake. Alikuta wanafunzi wote wamepanga mistari uwanjani. Limbikani amesimamishwa mbele.

"Baba Limbikani, huyu ni mwanao," alisema Bwana Kamtukule, akimpa fimbo. "Mfundishe adabu, wenzake waone."

Lazalo hakuwahi kumchapa mtoto huyo. Lakini watu walikuwa wakimtazama, akachapa.

Sauti ikatoka mistari ya nyuma: "Leo mkwe ana sauti!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Limbikani hakulia. Alimtazama baba yake, akauliza, "Umemaliza?"

Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu. Baada ya siku chache alionekana Lizulu, akiuza viazi kando ya barabara kuu.

Sitivele alipopata habari, alifika kwa dada yake amekasirika.

"Shemeji, mimi nimekufa?"

"Hapana, shemeji," alisema Lazalo.

"Mbona mmenizika?"

Lazalo akavaa viatu. Wakaenda shuleni wote wawili. Walipokewa na Sista Bernadeta, mshauri wa wanafunzi. Bwana Kamtukule naye alikuwepo.

"Limbikani alikosa," alisema Sista. "Kutoroka ni kosa, na alistahili adhabu. Lakini kijana akichekwa na shule nzima, hafikirii kosa lake tena. Anafikiria kile kicheko."

"Tungefanyaje?" aliuliza Lazalo.

"Tungemwita ofisini, tukamsikiliza. Mpaka leo hakuna aliyemwuliza kwa nini alitoroka. Na tungemwita mtu ambaye kijana humsikiliza nyumbani. Sisi tulidhani ni wewe. Hatukuuliza."

"Sista, ukiwabembeleza watakupanda kichwani," alisema Bwana Kamtukule.

"Sijasema tuwabembeleze, mwalimu. Adhabu ibaki, tena itolewe mapema. Lakini ifanane na kosa. Aliyechafua asafishe, aliyetukana aombe radhi. Na akifanya vizuri, tuseme pia. Wewe mara ya mwisho ulimsifu nani?"

"Sikumbuki," alisema Bwana Kamtukule.

Sitivele alikwenda Lizulu kumwomba mpwa wake arudi.

"Nirudi wanicheke tena, mjomba?"

Alimwendea tena na tena. Jibu halikubadilika. Mtihani wa mwisho ulifanyika bila Limbikani.

Baadaye Alefa aliingia shule ileile. Alipofika kidato cha pili, alimtukana kiranja bombani na kummwagia ndoo ya maji. Siku hiyohiyo Bwana Kamtukule alimwita ofisini, pamoja na Sista. Walimsikiliza yeye, kisha kiranja. Wakamwita Sitivele. Mjomba alikaa na mpwa wake pembeni, wakazungumza. Alefa aliomba radhi, na kwa wiki nzima alichota maji ya jikoni. Uwanjani halikusemwa neno.

Muhula uliofuata, Bwana Kamtukule alisimama mbele ya shule akalisifu bweni la akina Alefa kwa usafi. Aliyesimamia usafi huo alikuwa Alefa, akisaidiana na kiranja yule. Walimu waliona pia kwamba watoro wamepungua.

Msimu wa mavuno Lazalo alipeleka magunia Lizulu. Alimkuta Limbikani akipanga viazi kwenye ndoo za kuuzia.

"Nilikukosea, mwanangu."

"Nimesikia, baba."

"Shule itakupokea. Sista amesema."

"Nina mke sasa, baba. Kuna mtoto anakuja."

Lazalo aliinamisha kichwa. Kisha akamweleza habari za Alefa na ile ndoo ya maji.

"Walimwita nani?" aliuliza Limbikani.

"Mjomba wenu."

Limbikani aliongeza kiazi kimoja kwenye ndoo. Gari lilikuwa limesimama, na abiria walikuwa wakimwita kutoka dirishani.

"Afadhali," alisema. Akainua ndoo yake, akakimbilia gari.