Dawa Isiyouma

Bibi Malsun wa Buan alikuwa na dawa moja ya kinywa, na hakutaka kusikia nyingine. Ni chumvi iliyochomwa ndani ya mwanzi. Ukipata kidonda mdomoni, unakisugua nayo. Ikikuchoma mpaka machozi yakutoke, basi inafanya kazi. "Dawa ya moto ni moto," alizoea kusema. Majirani hawakumbishia. Nani ambishie Bibi Malsun?

Mwaka huo mkwewe, Hyeran, alikuwa akitibiwa saratani ya titi. Mume wa Hyeran, mwana wa Bibi, alishafariki, wakabaki wanawake wawili nyumbani, wanapendana kama mtu na mwanawe. Baada ya dozi ya pili ya dawa ya saratani, kinywa cha Hyeran kikajaa vidonda. Hata maji yalimuuma.

Bibi akaleta chumvi yake. Asubuhi anasugua, jioni anasugua. Hyeran alivumilia kwa heshima, lakini vidonda vilizidi. Siku ya nne alisukuma bakuli la uji wa wali.

"Mama, dozi ya tatu siendi," alisema kwa taabu. "Bora nife nimepumzika."

Maneno hayo yalimkata Bibi maini. Alimwambia mkwewe avae koti, hayo akamwambie daktari mwenyewe.

Hospitali walipokewa na Muuguzi Bang. Alichungulia kinywa, akauliza wametumia nini. Bibi akaeleza, tena kwa majivuno. Muuguzi hakumkemea. Alisema vidonda hivi vimeletwa na dawa ya saratani. Ukivisugua unavichubua, na vijidudu vinapata mlango. Akasema upo mwanga mwekundu wa leza. Haukati wala hauchomi. Humulikwa kidondani dakika chache, kwa siku kadhaa, ili kupunguza maumivu na kusaidia kidonda kufunga.

"Unauma?" Bibi aliuliza.

"Hauumi, bibi."

"Basi hautibu kitu. Dawa isiyouma ni dawa gani?"

"Bibi, huyu ameumia vya kutosha. Mwanga hautibu saratani. Saratani inatibiwa na dozi zake. Sisi tunataka ale, apate nguvu ya kuzimaliza."

Wote walivaa miwani ya kukinga macho, muuguzi akapitisha kijiti chenye mwanga juu ya vidonda, kimoja kimoja. Bibi alingoja mkwewe akunje uso. Hakukunja. Hapo Bibi aliona aibu, akatazama sakafu.

Walirudi kila siku. Nyumbani Hyeran alitumia mswaki laini. Alisukutua kwa maji vuguvugu, robo kijiko cha chumvi kwa glasi nzima, bila kusugua. Chakula kikawa laini na cha uvuguvugu, bila pilipili. Kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ikaondolewa mezani, na kwa Bibi Malsun hilo si jambo dogo.

Siku ya sita ya kumulikwa, Hyeran alikula uji nusu bakuli. Wiki iliyofuata daktari alimpima, akasema dozi ya tatu itolewe. Muuguzi akapanga kummulika mapema safari hii, vidonda visingojwe.

Asubuhi ya kwenda kuchomwa dozi hiyo, Bibi alikaa mbele ya mkwewe, kijiko mkononi.

"Mwanangu, nilikutesa nikidhani nakutibu. Nisamehe."

Wazee wa Buan hawana desturi ya kuwaomba wakwe zao radhi. Machozi yalimlenga Hyeran. Kisha akasogeza bakuli tupu la uji.

"Niongeze, mama. Safari ni ndefu."