Posho na Sindano

Mgeni aliingia uani bila taarifa, Chiriku akiwa ndiyo kwanza ametoka shule. Alikuwa amechutama karibu na bomba akisugua sufuria huku akimsimulia paka habari za darasani. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo la ndege, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Wawili hao waliishi katika chumba kimoja cha nyumba ndefu ya wapangaji. Siku hiyo Bibi alikuwa ametoka.

"Hodi wenyewe!" mgeni aliita. Alivaa shati lililopigwa pasi, na kitambulisho kilining'inia shingoni mwake.

Mama Mkaa, jirani yao aliyeuza mkaa, alimtupia jicho mara moja tu, kisha akamvuta Chiriku pembeni.

"Mtu wa posho huyo! Anaanzia chumba cha kwanza. Tufiche vitu, haraka!"

Chiriku alielewa. Kila mwezi Bibi alipokea posho ya wazee kutoka ofisi ya ustawi wa jamii, na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya ukaguzi, redio zilihamia kwa majirani wasiopokea posho, magodoro mazuri yaliviringishwa, na chupa za chai zikatoweka. Nyumba nzima ilifukarika kwa saa moja, kisha jioni ikatajirika tena.

Chumbani kwao hapakuwa na redio wala godoro la kuringia. Palikuwa na cherehani ya mkono. Chiriku na Mama Mkaa waliibeba wakihema, wakaisukuma nyuma ya magunia ya mkaa. Rundo la nguo za watu likafuata.

Afisa alipofika mlangoni, Chiriku alikuwa amekaa kitandani kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bibi yupo?"

"Ametoka kidogo."

"Anafanya kazi yoyote?"

"Hapana. Miguu yake inavimba. Hafanyi chochote."

Afisa alikitazama chumba: kitanda, jiko, ndoo na kamba ya kuanikia nguo. "Kwa hiyo mnaishi kwa posho peke yake? Inatosha?"

"Tunajibana tu," Chiriku alisema, akainamisha kichwa kama alivyoona wakubwa wakifanya.

Uso wa afisa ulilegea kwa huruma. "Kuna nyongeza kwa nyumba zisizo na kipato kingine kabisa. Ni chache, lakini nitawaombea. Ijumaa nitakuja kuonana na Bibi na kumletea jibu."

Bibi aliporudi, hata kanga hajaitua, Chiriku alimrukia. "Bibi! Tutapata nyongeza! Nimemwambia hufanyi kazi!"

Bibi alikaa polepole. "Cherehani yangu iko wapi?"

Walipoitoa ilikuwa nyeusi tii. Vumbi la mkaa lilikuwa limeingia hadi kwenye meno ya gurudumu, na shati jeupe la mteja lilikuwa na doa kubwa mgongoni. Chiriku alingoja makaripio, lakini hayakuja. Bibi alichukua mswaki wa zamani na mafuta ya mashine, akaanza kusafisha.

"Kaa hapa," alisema. "Leo pumzisha mdomo, utumie macho. Posho ikitoka, ninalipa nini kwanza?"

"Kodi."

"Halafu dawa zangu za presha. Halafu tunachanga na Mama Mkaa na wenzake, tunanunua gunia moja la unga kwa bei ya jumla, tunagawana kwa bakuli. Hapo posho imekwisha. Mwezi je, umekwisha?"

"Umefika… katikati?"

"Haujafika hata katikati, mjukuu wangu."

Chiriku alimkodolea macho. "Sasa siku zilizobaki?"

Bibi aliinua suruali yenye tundu gotini. "Hii ni chakula cha kesho." Akainua gauni lililofumuka ubavuni. "Hili ni sabuni." Sketi yenye zipu mbovu ilikuwa madaftari. Makoti mawili ya mlinzi yalikuwa nauli ya kwenda kliniki.

Chiriku alilitazama rundo lile kana kwamba halijawahi kuwamo chumbani. Miaka yote alidhani Bibi hushona ili asichoshwe na kukaa. Sasa aliona mle ndani kila sahani aliyowahi kula, hata zile alizozisusia kwa kukosa nyama. Akavitazama vidole vya Bibi, vilivyopinda kama mizizi, vikipitisha uzi kwenye tundu dogo bila kutetemeka. Alijiona kama mtu aliyelala ndani ya nyumba tangu kuzaliwa, na leo ndiyo kwanza anaiona nguzo iliyobeba paa.

"Kumbe tunakula sindano!" alinong'ona.

Bibi alicheka. "Ungekuwa unakula sindano, maneno yangepungua."

"Lakini Bibi, kama posho haitoshi, nyongeza si haki yetu?"

"Posho haitoshi, na hilo nitamwambia afisa bila kumung'unya. Lakini nyongeza ni ya asiye na kazi kabisa. Mzee wa chumba cha mwisho haoni. Hana mjukuu, hana sindano. Unga ukimwishia anafanyaje?"

Chiriku alifikiri. "Yule babu hulala mapema sana. Hata jua halijazama."

"Njaa hulazwa mapema," Bibi alisema taratibu. "Posho ni fimbo, Chiriku. Fimbo haikutembezi, lakini bila hiyo unaanguka. Mimi nina fimbo na mguu mmoja. Yeye ana fimbo tu. Haya, Ijumaa nani atamwambia afisa ukweli?"

"Mimi."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Ijumaa afisa alikuja akitabasamu, na majirani wakajisogeza kusikiliza.

"Shikamoo, bibi. Nina habari njema. Ilibaki nyongeza moja tu, nimewapatia nyinyi."

Mama Mkaa alipiga kigelegele. Chiriku aliviangalia viatu vyake vya shule, vilivyoachama mbele kama vinapiga miayo. Nyongeza ile ilikuwa viatu vipya. Ilikuwa nyama. Bibi alishona tu, hakumtazama wala hakukohoa. Angenyamaza, nani angemlaumu?

Kwa mara ya kwanza maneno yalimgomea Chiriku. Alisimama.

"Mjomba, nilikudanganya. Bibi anafanya kazi. Anashona. Cherehani niliificha kwenye mkaa."

"Mtoto huyu kaingiwa na nini!" Mama Mkaa alipaza sauti.

"Nyongeza mpe babu wa chumba cha mwisho. Haoni." Kisha akakumbuka kodi na dawa. "Na posho… mtaifuta?"

"Posho ya wazee hutolewa kwa umri," afisa alisema. "Kushona hakuifuti. Kuwa na redio hakuifuti. Ila nyongeza siwezi kuwaachia."

"Redio haiifuti?" Mama Mkaa aliuliza. "Yaani magodoro yote niliyobeba, mgongo wangu huu, ilikuwa bure?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na afisa naye akacheka. Kisha akamgeukia Bibi. "Niambie kweli. Mtu anaweza kuishi kwa posho hii?"

Bibi aliweka sindano chini. "Hawezi, mwanangu. Inamshika asianguke, basi. Pengo linalobaki tunalijaza kwa mikono, kwa kuchanga na kwa majirani. Asiye na hivyo anafunga mlango na kulala." Akawageukia wenzake. "Na nyinyi sikilizeni. Tukificha kazi zetu na kusema tunaishi kwa posho peke yake, ofisini wataamini inatosha. Tukitaka iongezwe, tuanze kwa kusema kweli. Mtoto ametutangulia."

Mama Mkaa alijifanya kufunga kanga upya.

Afisa alichukua mkoba wake. "Chumba cha mwisho nilikikuta kimefungwa siku ile. Nani atanipeleka?"

"Nifuate," Chiriku alisema. Alitangulia, viatu vyake vikipiga miayo kila hatua, akafika kwenye mlango uliokuwa umefungwa mapema kama kawaida.

"Hodi, babu," aliita. "Amka. Una mgeni."