Kofi la Mtu wa Mwisho

Haya yalimkuta Vuai, Mzanzibari niliyekaa naye chumba kimoja ughaibuni, mtaa wa Najma, mwaka 2011. Alikuwa dereva wa Henning, Mjerumani aliyewahi kuwa komando Afghanistan. Bosi yule alikuwa na tabia moja: akishaketi mbele, kando ya dereva, hupiga kofi kwenye paa, kwa ndani, ndipo Vuai aondoe gari.

Alasiri moja walikwenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kuchukua miwani ya bosi. Wakati wa kutoka, wakiwa kwenye maegesho ya chini ya jengo, umeme ukakatika. Taa za gari zilimulika ukuta tu. Nyuma kote giza totoro. Henning akapiga kofi lake, gari likaanza kusogea.

Mara viganja vikaanza kupiga bodi kwa nje, pa, pa, pa, kama mtu anayekimbilia gari lisimwache.

"Simama!" Henning alisema. "Ni Gulab."

Vuai akafunga breki. "Gulab nani, bosi?"

"Mkalimani wetu. Tulikuwa ndani kabisa ya eneo la adui. Anayeingia garini mwisho ndiye hupiga kofi, tuondoke. Nilipiga mimi kwa woga, naye bado yuko nje. Aligonga hivihivi mpaka tukamwacha."

Akanyoosha mkono, akafungua mlango wa nyuma. Gari likainama kidogo. Mlango ukajifunga.

Vuai akawasha taa ya ndani. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Henning alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, analia.

Ndipo kofi likapigwa kwenye paa, kwa ndani, juu ya kile kiti cha nyuma.