Namba Kumi na Saba

Sindano alijipenyeza kati ya mabegi, helmeti na watu ishirini waliokuwa wakigombea birika moja la kahawa kwenye mapokezi ya hoteli, akamkanyaga mtu. Alitaka kuomba radhi. Kisha akakitazama kile kiatu, akakitambua, akakikanyaga tena.

"Hata mimi nilikukumbuka," alisema Mkia.

"Kaka! Si uliniapia huyu haji?"

Kaka yake, kiongozi wa msafara, ghafla alipata shughuli muhimu sana ndani ya begi lake.

Sindano alikuwa fundi cherehani mjini, ingawa hakupewa jina hilo kwa kazi bali kwa ulimi. Ndiye aliyeshona vile vitambaa vya namba ambavyo kila mwendeshaji hufunga kwenye usukani wa baiskeli. Mkia, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, huendesha wa mwisho, akiokota mishale ya njano ya kuonyesha njia iliyowekwa kwenye njia panda. Akishaiokota, aliyebaki nyuma yake ajijue mwenyewe.

Mwaka jana, wakiwa wachumba wa miezi minane, waligombana asubuhi ya kupanda mlima, eti kwa sababu ya rangi ya mapazia ya chumba ambacho hata hawajakipanga. Mchana Mkia akaokota mishale yote, Sindano akiwa bado nyuma. Masaa manne alizunguka kwenye ukungu, peke yake, simu haina mtandao. Aliposhuka aliifungia namba ya simu ya Mkia kabla hajavua soksi zilizolowa. Hakuuliza. Mtu aliyetelekezwa mlimani aulize nini?

Mwaka huu alikuja kwa jambo moja tu: auvuke ule mlima kwa miguu yake, aache kuuota.

Walianza kupanda. Barabara ya changarawe ilijikunja kama utepe uliotupwa, upepo ukilipiga koti lake la zambarau. Nyuma, ile sauti.

"Tandiko lako liko chini mno."

"Na macho yako yashushe vilevile."

"Magoti yatakuuma, mpenzi."

"Mpenzi wako ni baiskeli. Hiyo hujawahi kuisahau njiani."

 Kwenye kona Mkia akasimama kumzibia mzee mmoja pancha, na Sindano akaendelea bila kugeuka, roho kwatu.

Roho ile ilidumu kilomita tatu. Gurudumu lake la nyuma lilipiga jiwe, likapinda kama kaukau za viazi. Gari la mizigo la msafara likafika; dereva akaitupia baiskeli yake juu ya paa, akamshushia nyingine nyekundu ya akiba, akageuza kurudi chini. Ukungu ulikuwa unaanza kushuka. Sindano alikuwa akijaribu breki za ile nyekundu alipomwona Mkia anapanda kwa kasi, uso umevimba kwa hasira, mkononi kitambaa cha namba alichokitoa garini.

"Namba!" alifoka. "Namba yako, we mwanamke! Mwaka wa pili unaiacha kwenye baiskeli mbovu!"

"Unanifokea mimi?"

"Wewe! Mwaka jana gari lilinipita na baiskeli yako juu ya paa. Kumi na saba, mishono yako mwenyewe. Nikasema haya, amenuna, amepanda gari. Mimi huhesabu namba. Kumi na saba imeshuka, nikaokota mishale."

Sindano aliziachia breki. 

"Iliharibika, nikapewa ya akiba kama leo. Nilikuwa kijitoni, chini ya barabara," alisema. "Nalia. Usinitazame hivyo. Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga simu mara arobaini. Nikaja dukani kwako, ukanirushia mkasi."

"Ulikuwa uzi."

"Ulikuwa mkasi. Kaka yako ndiye aliyeniambia nije nikueleze mahali ambapo huna vifaa vyako."

"Na ulipopita pale hukuniita hata mara moja!"

Mkia aliinamisha kichwa. "Sikuita. Gari liliponipita nilifurahi, nikasema heri umeondoka. Hilo ni langu, sina wa kumsingizia."

Sindano alimpokonya kitambaa, akakifunga mafundo matatu kwenye usukani mwekundu, akapanda, akaondoka.  Kilomita mbili alikanyaga, magoti yakimuuma kweli, jambo ambalo asingelikiri hata kwa viboko. Karibu na kilele akasimama, akaangalia simu. Mtandao ulikuwa mstari mmoja. Akaifungulia namba ya Mkia, akabonyeza kupiga.

Hatua thelathini nyuma yake, ndani ya ukungu, simu ikalia.

"Nani mwenzangu?" Mkia alipokea.

"Mwanamke uliyemwacha mlimani."

"Taja namba."

"Kumi na saba."

Sindano akasikia pumzi zake. "Kumi na saba, uko wapi?"

"Mbele yako, mjinga wewe. Niite."

Mkia akamwita. Sauti ilimfikia mara mbili, moja sikioni, nyingine kwa upepo, na ile ya upepo ilikuwa inatetemeka. Sindano hakugeuka, machozi yake hayakumhusu mtu.

"Sijasikia. Rudia."

Akarudia, mpaka kaka yake Sindano akajibu kutoka kileleni.

"Na mapazia ni ya kijani," alisema Sindano.

"Ya bluu."

"Basi kata simu."

"Sikati."