Hapa Hakuna Jimena

Ubani ulinuka udongo mbichi. Leocadia alilihisi hilo mara tu alipoingia na bintiye Nuria katika kanisa kuu la mji wao, mchana kweupe, watalii wakipiga picha madirisha ya vioo vya rangi. Harufu ile aliijua. Aliisikia siku mumewe Fermín alipoitwa kwa jina kutoka chini ya sakafu hiyohiyo, akaitika, na kabla ya mavuno wakamzika.

“Nuria, twende zetu.”

“Mama nawe! Nitoke Madrid na tumbo hili nije kumwashia Bikira mshumaa, halafu unifukuze?”

“Basi ukiitwa, usiitike.”

“Yaleyale ya vibibi!”

Nuria akawasha mshumaa. Mwali ukalala, kana kwamba sakafu inaunyonya, na watalii wakaonekana wakitembea ila nyayo zao hazisikiki, na baridi ikapanda kwenye visigino, mawe ya makaburi ya kale yaliyolazwa sakafuni yakatoa jasho, hata chini ya jiwe la askari mmoja wa kale ikatoka sauti ya Fermín, ile yenye mikwaruzo ya tumbaku: “Nuria, mwanangu.”

Nuria alifumbua kinywa. Mama yake akakiziba kwa kiganja.

Sauti ikangoja. Ikacheka. Kisha ikaita polepole, “Jimena… Jimena…”

Mtoto akajipindua tumboni. “Mama,” Nuria alinong'ona, “hilo ndilo jina lake. Sijamwambia mtu.”

Hasira ikampanda Leocadia, akalikanyaga jiwe lile kwa kishindo.

“We mshenzi! Fermín ulinichukulia, nikalia nikanyamaza. Leo hupati kitu. Hapa hakuna Jimena!”

“Jimena…”

“Hayupo! Huyu ni Casilda. Mwambie, Nuria!”

Nuria akafuta machozi. “Ni Casilda! Na mwanangu haitwi na maiti!”

Nyayo za watalii zikarudi. Mlinzi akaja mbio. “Mabibi, punguzeni sauti, jamani.”

“Kamwambie na huyo wa chini,” alijibu Leocadia.

Casilda alizaliwa salama, akakulia mjini hapo, mkali kama bibi yake. Leocadia alikataa kulihama kanisa alilobatiziwa. Kila Jumapili humpitisha mjukuu juu ya jiwe lilelile.

“Bibi,” mtoto aliuliza juzi, “huyo Jimena anayeitwa kila tukipita hapa, mbona haitiki?”

Leocadia akaukaza mkono wake mdogo.

“Hatumjui, mjukuu wangu. Kanyaga, twende.”