Ua Jeupe la Bondeni

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeliacha soko la Masisi potopoto tupu, lakini wanawake walikuwa wamekwisha kutandaza mikeka yao na kupanga mafungu ya maharage. Libérata, binti wa Nyirabagenzi, alikaa kwenye ukingo mkavu. Alikuwa amevaa kikwembe cha buluu na kitambaa cha kichwa cha njano, kile chenye nyuzi ndefu zinazoning'inia pembeni. Wauzaji wenzake walimtania kwamba kitambaa hicho kinauza kuliko mdomo wake.

Kijana mmoja aliyevaa kapitula ya kaki iliyopigwa pasi alichutama mbele ya mkeka wake. Hakuuliza bei. Alianza kuchambua maharage moja moja kwa ncha za vidole, akitenga yale meusi madogo.

"Papa, unanunua ao umepoteza jino humo?"

Kijana aliinua uso. Alikuwa na kishimo kwenye shavu, shavu moja tu, la kushoto, kana kwamba aliyemuumba aliitwa kabla hajamaliza.

"Natafuta hizi nyeusi, dada."

"Hizo haziuzwe. Zimechanganyika tu na zingine."

"Basi unipe bure."

"Bure ilikufa mwaka jana, tukaizika."

Kijana alicheka, akajitaja: Léonard, wa Kashebere, upande wa Walikale, moniteri wa kilimo, mwalimu wa wakulima, kwenye mashamba ya majaribio ya muzungu kule chini ya barabara. Dancille, aliyeuza kwenye mkeka wa pili, alivuta kikwembe chake kana kwamba kijana atakikanyaga.

"Wa porini wanakula ndizi na nyama ya moshi," alisema Dancille kwa sauti ya kusikika. "Maharagi wanayatakia nini? Muntu anayechagua punje moja moja, ujue iko na neno lake."

"Zinaota wapi?" Léonard aliuliza, bado akimtazama Libérata.

"Kwa kilima," alijibu Libérata. Alikuwa anadanganya, na alijua kwamba kijana amejua.

Maharage yale hayakuota kilimani. Yaliota bondeni, mahali ambapo maji husimama wiki nzima na maharage ya watu wengine hugeuka manjano na kuoza mizizi. Nyirabagenzi aliyaita Nyiramazi, yaani mwenye maji. Alikuwa ameyapata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake. Kila binti wa nyumba ile alipewa siku ya ndoa, katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Hayakutoka kwa njia nyingine yoyote.

"Muzungu akijua kwamba bonde letu linazaa," mama yule alikuwa akisema, "kesho atalipima kwa kamba alichukue."

Lakini kijana wa kishimo alikuwa ameanza kupita njia ya kisima. Jumapili alisimama nje ya kanisa, shati jeupe, viatu mkononi ili visiguse matope mpaka mlangoni.

"Sheri, mupenzi wangu, leo umenuna."

"Sheri wako nani? Miye niko dada ya soko."

"Basi dada ya soko, unisindikize."

Walisindikizana hivyo mpaka nyasi za njiani zikalala. Na siku moja akampeleka kwenye shamba la majaribio, akamwonyesha kazi yake. Maharage meupe yalikuwa yanaanza kutoa maua. Léonard alipiga magoti, akalifungua ua ambalo lilikuwa bado limejikunja, akaling'oa vumbi lake la ndani kwa koleo ndogo.

"Ua la haragi linajioa lenyewe, mlango ukingali umefungwa," alisema. "Lazima nilitangulie. Naondoa bwana wake, namletea mwingine kutoka ua lingine."

"Kumbe weye uko padri wa maharagi!"

"Ndiyo, njo ile. Haragi nyeupe inaiva upesi, watu wanaipenda, lakini maji yanaiua. Ile yenu nyeusi inashinda maji, lakini inamaliza kuni za nyumba. Nikiwaoza, labda nitapata mutoto mweupe asiyeogopa maji. Ule ukakamavu iko kwa damu yake, Libérata. Inarithiwa, kama vile paji la uso la mama yako liko kwako."

Libérata alijigusa paji lake pana. Kisha akauliza, "Na hiyo nyeusi utaipata wapi?"

Léonard alitabasamu. Kishimo chake tu kilijibu.

Siku iliyofuata Libérata alimletea konzi moja ya Nyiramazi, imefungwa kwenye pembe ya kikwembe. Alikuwa ameichota chunguni mama yake akiwa mtoni. Mbegu zile zilipandwa kando ya meupe mapya, na zilipotoa maua ya zambarau Léonard akayaoza kwa meupe. Hakuwa na uzi wa kutia alama, basi Libérata alichomoa nyuzi za kitambaa chake, moja baada ya nyingine, na kila ua lililoolewa likafungwa uzi wa njano.

"Kitambaa chako kitabaki bila ndevu."

"Utaninunulia kingine, padri."

Msimu ule ulipita. Punje zilizotoka kwenye maua yenye uzi zilikuwa nyeupe kama mama yao, na Léonard akazipanda kando, mbali na nyingine. "Ungoje," alimwambia. "Hizi njo watoto."

Libérata alingoja, lakini hofu haikungoja. Nyirabagenzi alikuwa ameingiza mkono chunguni na mkono wake ukajua. Hakupiga kelele. Alimtazama binti yake tu, chakula kikapoa kati yao. Naye Dancille kila siku ya soko alikuwa na habari mpya: amemwona moniteri akipima bonde, amemwona akicheka na msichana wa misheni, amesikia kwamba ana mke Kashebere.

"Uliona huyo mke?" Libérata aliuliza.

"Mimi sikumu... siwezi kuona kila kitu," alisema Dancille. "Lakini mwanaume mwenye kishimo kimoja, upande mwingine anauficha."

Hapo ndipo Libérata aliposhuka shambani bila kuitwa. Watoto wa maharage walikuwa wanachanua. Alipita mstari mmoja, wa pili, mpaka mwisho. Maua yote yalikuwa ya zambarau. Hapakuwa na jeupe hata moja. Léonard alikuja akikimbia, uso umejaa furaha.

"Umeona? Ndoa ilishika!"

"Nimeona Nyiramazi ya mama yangu imejaa kwa shamba la muzungu."

"Hapana, sheri, hizi..."

"Ulisema utaoza. Bibi arusi mweupe iko wapi?"

"Iko ndani. Mweusi amemfunika. Watoto wa kwanza wote wanafanana na mwenye nguvu. Ungoje watoto wa watoto, njo mweupe atatoka."

"Ndani ya wapi, Léonard? Maua ni haya! Miye niko na macho!" Sauti yake ilipasuka. "Uliona mujinga sokoni, ukamngojea kwa kanisa, akamuibia mama yake kwa ajili yako. Sasa nitaolewa na kikapu gani? Mbegu yetu iko na kila muntu!"

Mavuno yalipokomaa, kila ganda lilitoa punje nyeusi. Léonard alifika kwa Nyirabagenzi na mfuko wake, akausimamisha kizingitini kwa kuwa hakukaribishwa.

"Mama, hii njo yote. Sikubakiza hata punje. Mupande pale maji yanasimama. Musipike." Alimtafuta Libérata kwa macho, asimpate, kwani binti alikuwa nyuma ya ukuta, kiganja mdomoni. Baada ya wiki ile alihamishwa. Kamio ya mizigo ilimchukua kuelekea Walikale.

"Anasema tusipike," alisema Nyirabagenzi, akinusa mfuko. "Kwa nini tusipike? Ameweka nini humu?"

"Nitapanda, mama. Zikitoka nyeusi zote, utampeleka kwa chefu wa kijiji kama mwizi. Hata nami nitasimama niseme."

Alizipanda kwenye ukingo wa chini kabisa, mahali pabaya, kwa makusudi. Mvua za msimu ule zilikuja bila huruma. Maji yalisimama magotini. Mimea mingi ikawa manjano, ikalala. Libérata aliitazama ikifa na hakujua kama anafurahi au anazikwa. Lakini mingine ilibaki imesimama, majani ya kijani juu ya maji machafu, na asubuhi moja ikachanua.

Zambarau. Zambarau. Zambarau. Kisha, katikati ya dimbwi, mmea mmoja wenye maua meupe.

Alikanyaga maji na kikwembe chake chote. Alishika ua lile, akalichungulia, akaupapasa mzizi chini ya matope kama mtu anayetafuta uongo. Hapakuwa na uongo. Mbegu nyeusi, aliyoizika kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa imezaa mweupe anayesimama majini.

Nyirabagenzi aliitwa, akaja, akautazama mpaka jua likageuka.

"Labda usiku alikuja kupandikiza," alisema.

"Mama!"

"Mimi ninasema labda." Alijifuta matope. "Zikikauka, umpelekee aone. Lakini nusu zibaki hapa."

Kashebere ilikuwa na moshi wa samaki na kelele za wachukuzi siku Libérata aliposhuka kwenye kamio, kitambaa cha njano kichwani, kimebaki na nyuzi chache tu. Alimkuta Léonard kwenye bustani nyuma ya nyumba ya mama yake, amechutama kwenye maharage yaliyochanua. Hapakuwa na mke. Kwenye kifungo cha shati lake, mahali palipokosa uzi, palikuwa pameshonwa kwa uzi wa njano.

Libérata alifungua kiganja. Punje nyeupe.

Léonard alizitazama, kisha akamtazama, na hakuthubutu kusimama. "Zilikuwa kwa maji?"

"Mpaka magoti. Miye nilizipanda ili zikushitaki."

"Na mama?"

"Bado anakushuku. Atakushuku mpaka kufa, uzoee. Na miye pia nataka kuona kwa macho. Oza ua moja mbele yangu."

Alilioza moja kwa ncha za vidole. Libérata alichomoa uzi kwenye kitambaa, akalifunga ua. Kisha akachomoa mwingine, akaushika mkono wa Léonard, akamfunga kidoleni, mafundo mawili.

"Hii si ya maharagi," alisema.

Léonard alikaa chini kabisa kwenye udongo, akicheka na kulia. "Na tukizaa, watoto wote wakafanana na mama yako?"

"Basi tutangoja wajukuu."

Walioana, na kikapu kilibeba mbegu za rangi mbili. Watoto walikuja, kila mmoja na lile paji pana la Nyirabagenzi, na kijiji kizima kikacheka. Léonard alicheka kuliko wote. Alitangulia kaburini kabla mjukuu wa kwanza hajazaliwa. Mtoto yule alipoletwa kwa bibi yake, bado amefungwa nguo, alipiga miayo, akatabasamu usingizini, na shavuni mwake, la kushoto peke yake, kikafunguka kishimo. Libérata aliingia ndani, akakitoa kile kitambaa cha zamani, akatafuta uzi uliobaki wa kumfunga mkononi.